Pazia la Um Jasim kwenye Mifereji ya Ufaransa

Hii ni wiki ya sita tangu nirudi Kitale, na bado nikiamka asubuhi mkono unapapasa ukuta kutafuta swichi ya kiyoyozi. Kiyoyozi hakuna, kuna baridi ya bure. Dada yangu ananicheka, anasema Doha imenivuruga akili, na huenda kweli. Lakini kabla hamjanisahau ninyi mliobaki pale ofisini Al Mansoura, juu ya duka la dobi, nimeona niwaandikie mambo machache ya kazi. Vyeo naviruka. Vilikuwa viwili, na vyote vilikuja na meza ileile inayoyumba.

Niliingia ofisi ile ya safari mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikitokea hotelini nilikokuwa nikitandika vitanda. Siku ya kwanza nilipewa simu mbili na kiti kisicho na mgongo. Kabla sijakaa vizuri, simu zote mbili zikalia pamoja. Ya kulia ilikuwa na mtu wa Kiarabu, ya kushoto mtu wa Kihindi, na mimi katikati na Kiswahili changu na Kiingereza cha shule. Nikazilaza zote mezani zikaongea zenyewe. Bwana Hamza, mkuu wetu wa mipango, alizitazama, akanitazama mimi, akaenda kuleta karak, ile chai ya maziwa, vikombe viwili. Nilidhani kimoja ni cha kuniaga.

Bwana Hamza alikuwa mtu wa Kerala, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na moja tu inayoandika. Alikuwa hajawahi kufika popote ila Kerala na Doha, lakini angekupangia safari ya Norwei mpaka mahali pa kunywa chai. Vifaa vyake vilikuwa rula, penseli nyekundu na uzi mweupe wa kushonea. Njia yoyote iliyopinda kwenye ramani aliifuata kwa uzi, akaukata, kisha akaulaza kwenye rula kupata kilomita. Uzi huo aliniachia, na sasa uko kwenye droo ya chini. Msiutumie kufungia vifurushi.

Alinifunza kumuuliza mteja kwanza anaogopa nini, ndipo nimuulize anataka kwenda wapi. Nilidhani ni maneno ya mzee tu. Na kila alasiri alitandika mswala wake kati ya mashine ya fotokopi na dirisha, jua likimpiga usoni, akaswali. Kila ofisi niliyoingia Doha, kila duka, niliona watu wakiswali hivyohivyo, uso kwa jua la jioni. Mimi ni Mkristo wa Kitale. Niliona, nikaweka akilini, na sikuuliza mtu. Shikeni hapo, maana ndipo nilipojikwaa.

Bu Jasim, yaani baba yake Jasim, alikuja mwezi wa Januari, mwaka wangu wa nne ofisini. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenyeji wa mtaa wa Muaither, na kanzu yake ilikuwa imenyooshwa hata nikaona haya kuhusu kiti tulichompa. Alitoa kwenye bahasha picha iliyokatwa kwenye kalenda ya duka la dawa: tishari pana jeusi limetulia kwenye maji membamba, miti mirefu pande zote mbili.

"Sister, mtu anafikaje hapa?"

"Ni Ufaransa, baba. Ile ni mifereji. Utakwenda wiki moja?"

"Msimu mzima. Toka Aprili mpaka kabla ya Ramadhani."

Mwaka ule Ramadhani ilikuwa inaangukia baada ya kiangazi. Nikaandika. Kisha nikamuuliza lile swali la Bwana Hamza, anaogopa nini, nikitarajia aseme mbu.

Akaniambia habari za mkewe, Um Jasim. Picha ile ni yeye aliyeikata miaka mingi nyuma, akaibandika ndani ya mlango wa kabati, na kila mwaka Bu Jasim alimwambia mwakani, shule zikifungwa. Sasa kumbukumbu ilikuwa inamponyoka. Walikuwa wamejaribu kumpeleka hotelini kwa siku tatu, na kila asubuhi alilia arudishwe kwao, kwa sababu kila akiamka chumba kilikuwa kigeni.

"Kwa hiyo nataka chumba kimoja kisichobadilika," alisema, "halafu hiyo dunia ndiyo ipite nje ya dirisha. Naogopa ataniuliza mimi ni nani kabla sijamfikisha kwenye hii picha."

Nikachonga penseli ambayo ilikuwa kali tayari.

"Na kitu kimoja zaidi. Majina ya wajukuu yamekwenda. Chumvi na sukari hajui. Lakini swala haijamwacha. Mimi natangulia, yeye anasimama nyuma yangu, anatulia mpaka usiku. Sister, panga unavyojua, lakini hapo usipaharibu."

Nikamwahidi. Nilikuwa na ujasiri mwingi sana kwa mtu ambaye hajawahi kuona mfereji mkubwa kuliko ule wa kumwagilia kabichi.

Wiki tatu zilizofuata sikuelewa kitu. Nilipima mfereji wa kwanza kwa uzi, nikapata kilomita kama mia mbili na arobaini, nikaandika siku mbili. Doha ukiwa na dereva mzuri hizo ni kabla ya chakula cha mchana. Kapteni Luc, mwenye tishari tulilokuwa tunataka kukodi, akanijibu kwa faksi: wiki tatu, Madame, kama hatuna haraka. Nikadhani ni mvivu. Nikampigia simu anieleze, na ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza habari za malango ya maji. Tishari linaingia kwenye chumba cha mawe, lango linafungwa nyuma yake, maji yanajazwa, linapanda, lango la mbele linafunguliwa. Kisha mbele kidogo, tena. Mfereji ule mmoja ulikuwa na malango karibu mia mbili.

"Kwa hiyo maji yanapanda mlima?" niliuliza.

"Ndiyo, Madame."

"Na mlima ukiwa mrefu sana?"

"Tunapita chini yake, ndani ya shimo."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaenda kunawa uso. Kesho yake nikaona kwenye ramani mfereji mwingine unaokatiza juu ya mto. Nikamwandikia kuwa ramani yake imekosewa. Akajibu kuwa haijakosewa, pale mfereji unapita juu ya daraja na mto uko chini yake. Tishari linakwenda juu ya daraja! Nilimwonyesha Bwana Hamza, naye akasema tusimwambie bosi, asije akafikiri tumeanza kunywa.

Polepole nikakamata. Walinzi wa malango hupumzika kwa chakula cha mchana, na usipolijua hilo unaning'inia nje ya lango saa nzima ukitazama mtu akila jibini. Sikukuu fulani hawafungui kabisa. Ukame ukizidi maji hupungua na sehemu nyingine hufungwa. Nilitafuta kwa simu wachinjaji Waislamu kwenye miji ya njiani, nikapanga tishari lifike kila mji wenye nyama siku ambayo duka liko wazi. Kazi nzuri kabisa, nawaambia bila haya.

Halafu nikafika kwenye swala, lile jambo nililoahidi. Nikamtaka Kapteni Luc anipe, kwa kila mahali pa kutia nanga, upande upi uko wazi na upi una miti au nyumba. Nikachagua kwa uangalifu zile sehemu ambazo upande wa jua linalozama uko wazi kabisa. Um Jasim angeliona jua linashuka, angejua kibla bila kuuliza mtu, kama kwao. Niliona fahari kweli. Bwana Hamza akapitia jedwali mstari kwa mstari, akaweka saini yake chini, akasema, "Electine, umekomaa."

Waliondoka mwishoni mwa Aprili, watatu: Bu Jasim, Um Jasim, na Sauda, msichana wa kazi wa nyumba ile, Mwislamu wa Iganga, Uganda. Sauda alikuwa amemhudumia Um Jasim miaka sita, na alikuwa akiniita dada tangu siku alipokuja ofisini kuchukua viza yake.

Siku ya tatu asubuhi simu ikalia. Ilikuwa Bu Jasim, na sauti yake haikuwa ile ya mwalimu mkuu.

"Sister, umenifanyia nini?"

Alinieleza. Jioni ya kwanza, jua linashuka, alitoa dira yake ndogo, akaelekea kibla, akaanza swala. Alipogeuka kumaliza, Um Jasim hakuwa nyuma yake. Alikuwa amempa mgongo, ametazama jua. Jioni ya pili alimshika mkono kumgeuza, naye akaung'oa mkono wake. Akamuuliza Sauda kwa sauti kubwa mtu huyu ni nani anayetaka kumswalisha kinyume cha kibla, na mumewe yuko wapi. Tangu hapo alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake miguuni, akingoja kurudishwa nyumbani.

"Kinyume?" nikasema. "Lakini baba, nimekuwekea jua mbele yake kila mahali."

"Jua liko nyuma ya kibla huku!" alisema. "Nyuma kabisa! Na umetuchagulia mahali ambapo haiwezekani kutoliona."

Sikuelewa. Nawaambia kweli, nilishika simu na sikuelewa. Akampa Sauda.

"Banange dada," Sauda akasema kwa sauti ya chini, "mimi nilijua mnajua. Kwetu Iganga tunaangaliaga kaskazini. Hapo Doha tunaangalia jua kwenye linazama. Huku tunaangalia kwenye linatokeaga. Maka haiendi mahali, dada. Ni sisi tunazunguka."

Niliweka simu chini nikamtazama Bwana Hamza. Nikamweleza. Akautazama ukuta wa dirisha, kisha mashine ya fotokopi, kisha ukuta tena.

"Najua hili," alisema. "Najua tangu madrasa. Nimeliachaje?"

"Kerala mnaelekea wapi?"

"Magharibi," akasema, akakaa kwenye kiti kisicho na mgongo. Hata karak yake hakuigusa asubuhi ile. Mimi nilikwenda chooni nikalia, kwa aibu na kwa yule mama mwenye viatu miguuni. Mtu aliniomba nisiharibu kitu kimoja, nikatumia wiki tatu kukiharibu kwa rula.

Nilipompigia tena, Bu Jasim alikuwa tayari kukatiza safari. Alisema atangoja mpaka Jumatatu, kisha atafute gari la kuwapeleka uwanja wa ndege. Nilimwomba niongee na Sauda tena, na safari hii nikauliza kitu nilichopaswa kuuliza Januari.

"Kule Muaither, chumbani kwake, akisimama kwenye mswala mbele yake kuna nini?"

"Pazia."

"Nyuma ya pazia?"

"Dirisha, lakini dirisha halifunguliwangi, dada, vumbi. Ni pazia tu. Lile la zambarau. Kabla ya kuanza swala analishikaga kidogo hivi, kwa vidole. Kila siku."

"Kwa hiyo jua halioni?"

"Anaona pazia linawaka kidogo. Huku anaangalia jua sababu pazia hakuna. Anatafuta pazia lake, bambi, maskini."

Saa hiyohiyo nikachukua teksi mpaka Muaither. Mke wa Jasim, mtoto wao mkubwa wa kiume, alinifungulia kwa mshangao, na nikiwa mahali pake ningeshangaa pia: mwanamke wa ofisi ya safari amesimama mlangoni anaomba pazia la mama mkwe. Bu Jasim alikuwa ameshampigia simu, basi akaniletea ngazi. Nililishusha mwenyewe, pete zote kumi na sita, nikapiga chafya mpaka machozi. Katikati, kwenye urefu wa mwanamke mfupi, kitambaa kilikuwa kimechakaa na kupauka, mahali pa vidole. Sikulifua. Nililikunja hivyohivyo na vumbi lake, nikalipeleka kwa watu wa vifurushi, nikaandika jina la mlinzi wa lango ambaye Kapteni Luc alisema ni mtu wa kuaminika.

Kisha mimi na Bwana Hamza tukakaa na uzi na dira. Tukafanya jedwali jipya la msimu mzima: kila mahali pa kulala, tishari litaelekea wapi, na kwa hiyo pazia litundikwe ukuta gani, kushoto, kulia, mbele au nyuma. Upande wa jua, madirisha yafungwe kabla ya swala ya Magharibi. Kapteni Luc aliuliza kwa faksi pazia hili ni la kuzuia nini hasa. Nikamjibu tu kuwa ni sehemu ya vifaa vya tishari. Alikubali, maana yeye pia alikuwa ametueleza mambo ya ajabu na tukayakubali.

Kifurushi kilifika Jumapili, kimepitia mikono ya binamu wa mlinzi wa lango, kwa sababu mambo ya Jumapili Ufaransa siwezi kuyaeleza. Jumatatu asubuhi Sauda akapiga. Walilitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba. Um Jasim alitoka chumbani na viatu vyake, akaliona, akasimama. Akaenda akalishika pale katikati. Akavua viatu, akasimama nyuma ya Bu Jasim.

"Na hakumuuliza ni nani?" nikasema.

"Hakuuliza kitu, dada. Kwani unalia? Mimi pia nimelia, lakini mimi nimekata kitunguu."

Wakaendelea. Wakapita ndani ya ule mlima, wakapita juu ya lile daraja. Bu Jasim alinitumia barua pepe fupifupi za mwalimu, zenye nukta mahali pake. Mwezi wa Juni aliandika kuwa wamefika mahali penye miti miwili miwili kama kwenye ile picha, na Um Jasim aliitazama miti, akaitazama picha, akasema mahali hapa nimepakata mwenyewe kwa mkasi. Wiki iliyofuata aliandika kuwa sasa Um Jasim haliiti tena jina la mumewe. Anamwita yule bwana. Anasimama nyuma ya yule bwana na anatulia. Nikamtumia saa za kufunguliwa kwa malango ya Julai.

Walirudi siku chache kabla ya Ramadhani. Bu Jasim alikuja ofisini peke yake, na jedwali letu limekunjwa mara nne, lina madoa ya chai. Alikataa kiti chenye mgongo. Akatueleza jioni moja ya wiki ya mwisho, na mimi nawaeleza kama alivyoeleza, maana sina la kuongeza.

Siku ile lango moja liliharibika, wakalazimika kulala mahali ambapo hapamo kwenye jedwali, na kwa haraka Kapteni Luc alilifunga tishari limegeuka nyuma mbele. Sauda alikuwa sokoni. Jua lilikuwa linashuka. Bu Jasim alisimama katikati ya sebule na jedwali mkono mmoja na dira mkono wa pili, na miwani yake haionekani. Aligeuka huku, akageuka kule. Alisema hata yeye, mtu mzima mwenye akili zake, hakujua Maka iko wapi wala yeye mwenyewe yuko wapi.

Um Jasim alikuwa amekaa akimtazama. Akainuka. Akalichukua pazia kwenye kochi na vile vibanio, akalitundika ukuta wa kushoto, pete kwa pete, hakuharakisha. Akafunga madirisha ya upande wa pili. Akatandika miswala miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Akasimama kwenye ule wa nyuma, akaweka mikono sawa, akamtazama.

"Tangulia, Bu Jasim," akamwambia. "Magharibi inapita."

Miwani aliipata baadaye mfukoni, akaangalia dira. Ukuta ulikuwa ndio wenyewe.

Nilimuuliza alijuaje. Bwana Hamza naye akauliza, kwa namna nyingine, kama mkaguzi. Bu Jasim akasema hajui, na kwamba mkewe hakulitaja jina lake tena tangu hapo, na kwamba mara moja ile ilimtosha msimu mzima. Kisha akaniomba kalamu. Kati ya mistari ya jedwali, pale ambapo jioni ile ingekuwa, akachora mstari mmoja mtupu, bila jina la mahali, bila kushoto wala kulia.

Jedwali liko kwenye droo ya chini, pamoja na uzi. Mstari ule msiujaze.